Ndege Ndogo Ikiwa Ardhini: Jinsi ya Kuepuka Kuingia Barabara ya Kurukia Pasipo Idhini

Watu wengi wanapofikiri juu ya hatari za usafiri wa anga, mawazo yao huelekea juu: injini kuzimika, mawingu ya radi, rubani kupotea njia. Ndege ikiwa bado inatembea uwanjani kwa magurudumu yake, kwa mwendo usiozidi wa baiskeli, huhesabiwa kuwa imo katika usalama. Hata wanafunzi wa urubani hutumia saa nyingi wakijifunza kutua, na sehemu hii ya safari huigawia dakika chache tu. Walakini ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga ilitokea ardhini. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, mojawapo ya Visiwa vya Kanari, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani, ziligongana juu ya barabara ya kurukia. Watu 583 walipoteza maisha.

Sababu za ajali hiyo zilikuwa nyingi, nasi tutazirejea. Kwa sasa yatosha kusema kwamba ndege moja ilianza kuruka bila idhini, na nyingine ilikuwa bado ikitembea juu ya barabara ile ile ndani ya ukungu, marubani wake wakitafuta njia ya kutokea. Makala hii haikusudii kuzungumza hasa juu ya ndege kubwa. Inahusu ndege ndogo ya injini moja au mbili, ya aina ile ipelekayo watalii Serengeti, mgonjwa hospitali, au abiria kumi Unguja, ambayo rubani wake mara nyingi yu peke yake. Kosa la kuwapo mahali pasipofaa hutendeka kwa urahisi zaidi katika ndege kama hiyo, wala udogo wake hauipunguzii hatari: ndege ya viti vinne iliyosimama katikati ya barabara ya kurukia ni kizuizi cha kutosha kuangamiza ndege ya viti mia mbili.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limelieleza jambo hili kwa maneno machache. Ni tukio lolote uwanjani ambapo ndege, gari au mtu yupo isivyo sahihi ndani ya eneo linalolindwa la sehemu iliyotengwa kwa ajili ya ndege kutua na kuruka. Msomaji ayazingatie maneno "eneo linalolindwa". Kosa halianzi pale gurudumu linapokanyaga lami ya barabara ya kurukia. Limekwisha kuanza nyuma kidogo, kwenye mstari.

Mstari na namba

Uwanja wa kawaida una maegesho, mahali ndege zinapopakia na kulala. Una barabara ya kurukia, moja au zaidi. Na kati ya hizo una barabara nyembamba ziitwazo viungio, ambazo ndege huzipitia kutoka huku kwenda kule. Barabara ya kurukia hupewa namba kwa kufuata dira. Uelekeo wake kwa nyuzi za sumaku hugawanywa kwa kumi na kukadirishwa. Barabara kuu ya Dar es Salaam ni 05 kwa anayeelekea kaskazini-mashariki, na ni 23 kwa anayeelekea upande wa pili. Ya Unguja ni 18 na 36. Ya Kilimanjaro ni 09 na 27. Tofauti ya namba mbili za barabara moja ni 18 daima, yaani nyuzi 180. (Kwa kuwa sumaku ya dunia huhamahama polepole, hutokea baada ya miaka mingi uwanja ukalazimika kubadili namba zake, ingawa lami haikusogea hata shubiri moja.) Viungio navyo huitwa kwa herufi, au kwa herufi na namba pamoja.

Rangi za mabao zimepatanwa duniani kote. Ubao mwekundu wenye maandishi meupe ni ubao wa amri: mbele ya hapa usipite bila idhini. Ubao mweusi wenye maandishi ya njano humwambia rubani mahali alipo. Ubao wa njano wenye maandishi meusi humwonyesha njia za mbele zinakoelekea. Usiku, taa za buluu huonyesha kingo za viungio na za kijani mstari wao wa katikati. Kingo za barabara ya kurukia ni taa nyeupe. Kwa hiyo rubani wa ndege ndogo ambaye ghafla anaona taa za buluu zimekwisha na nyeupe zimeanza hahitaji kufanya utafiti zaidi.

Lakini alama iliyo kubwa kuliko zote ni mstari wa kusubiri. Kwa hakika ni mistari minne ya njano iliyochorwa kukatiza kiungio: miwili imeshikana, miwili imekatikakatika. Anayekuja kutoka maegesho hukutana kwanza na ile iliyoshikana, na maana yake ni ukuta. Anayetoka katika barabara ya kurukia hukutana kwanza na ile iliyokatikakatika, na maana yake ni mlango ulio wazi. Isitoshe hana budi kuupita wote, mpaka mkia wa ndege yake, ndipo ahesabiwe kuwa ametoka. Marubani wengi wapya husahau jambo hili la pili. Hutua vizuri, hufurahi, hugeuka kuingia kiungio, kisha husimama papo hapo kupumua, hali mkia ungali ndani ya eneo linalolindwa na nyuma yao inakuja ndege nyingine.

Ni kwa nini mstari ukawekwa mbali hivyo? Kwenye barabara kubwa zenye vyombo vya kuongozea utuaji, mstari huo huwa kiasi cha mita 90 kutoka katikati ya barabara. Tufanye hesabu ndogo. Ndege ya abiria inakuja kutua kwa mwendo wa kilometa 240 kwa saa, yaani karibu mita 67 kwa sekunde. Ikiwa ipo umbali wa kilometa mbili, itafika baada ya sekunde 30. Ndege ndogo inayovuka kutoka mstari wa upande huu hadi mstari wa upande wa pili itakwenda mita 180. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa itatumia sekunde 32. Rubani aliyetazama akaona taa "kule mbali" akadhani atawahi, amekosea kwa sekunde mbili.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu huvuka

Niruhusiwe kutoa mfano wangu mwenyewe, ijapokuwa haunipi sifa. Nilipokuwa ng'ambo nikiandaa shahada ya udaktari nilijiunga na klabu ya urushaji ndege, na wakati wa tukio hili nilikuwa na saa zipatazo ishirini tu za urubani. Ilikuwa jioni, mvua imekatika, lami inang'aa kama kioo. Mnara uliniagiza niende hadi mstari wa kusubiri na kungoja hapo. Nililirudia agizo hilo neno kwa neno. Kisha nikainama kubadili masafa ya redio, nikachukua na orodha ya ukaguzi ili niokoe muda. Nilishtuka ndege imesimama kwa kishindo: mwalimu wangu alikuwa amekanyaga breki. Mstari ulikuwa umekwisha pita chini ya mabawa. Muda si muda ndege ya injini mbili ikatua mbele yetu, maji yakiruka nyuma ya magurudumu yake. Mwalimu aliutaarifu mnara, halafu akaniuliza swali moja tu: mstari ulikuwa wapi?

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka mingi. Sikuwa nimelisikia agizo vibaya, wala sikulidharau. Mdomo wangu ulikuwa umepokea agizo. Miguu yangu haikuarifiwa. Wataalamu wa tabia za binadamu wanatueleza kwamba fahamu haiwezi kushughulikia kazi mbili zinazohitaji macho kwa wakati mmoja. Hurukaruka baina ya moja na nyingine, na kila inaporuka huacha pengo. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, pengo la sekunde tano ni mita 28.

Katika ndege kubwa wapo marubani wawili: mmoja hutembeza ndege, mwingine husoma na kuzungumza. Katika ndege ndogo kazi zote hizo humwangukia mtu mmoja, naye pengine ana abiria wanaouliza kama choo kipo. Ndiyo sababu walimu wazuri huweka sharti kwamba magurudumu yakizunguka, hakuna kusoma, hakuna kuandika, hakuna kurekebisha chombo chochote. Ramani ya uwanja isomwe kabla ya kuondoka maegesho, na njia ichorwe kwa kalamu. Agizo la mnara liandikwe ndege ikiwa imesimama. Orodha ya ukaguzi ingoje. Ndege iliyo angani haina uwezo wa kusimama ili rubani wake afikiri. Iliyo ardhini inao, na inashangaza jinsi marubani tulivyo wazito wa kuutumia. Nadhani sababu ni haya. Tunaogopa kuonekana washamba mbele ya mnara, au kumchelewesha aliye nyuma yetu.

Mkasa wa Milano

Jinsi haya hiyo inavyoweza kuwa ghali yaonekana katika ajali iliyotokea uwanja wa Linate, Milano, nchini Italia, tarehe 8 Oktoba 2001. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Ndege ndogo ya kibiashara aina ya Cessna Citation iliagizwa itoke maegesho ya magharibi kwa kiungio R5, kielekeacho kaskazini. Ikashika kiungio R6, ambacho huelekea kusini-mashariki na kukata barabara ya kurukia. Rada ya zamani ya kuangalia ardhi ilikuwa imeondolewa na mpya ilikuwa haijaanza kazi, hivyo mwongozaji aliye mnarani hakuwa na macho mengine zaidi ya maneno ya rubani.

Na maneno yenyewe yalikuwapo. Rubani aliarifu kwamba anakaribia alama S4. Alama hiyo ilikuwa imechorwa kweli kwenye R6, lakini haikuwamo katika ramani alizokuwa nazo mwongozaji, naye hakuifahamu. Hapo palikuwa na nafasi ya wote wawili kusimama na kuulizana: S4 ni wapi? Swali halikuulizwa. Safari ikaendelea. Ndege ndogo ilipita alama ya kusimama iliyochorwa ardhini, ikapita na safu ya taa nyekundu, ikaingia barabara ya kurukia wakati ndege ya MD-87 ya shirika la SAS ikiruka kwa kasi yake yote. Walikufa watu 118: wote 114 waliokuwamo katika ndege mbili hizo, na wafanyakazi wanne wa uwanja, kwa kuwa ndege kubwa iliishia katika jengo la mizigo.

Tujiulize ni kwa nini rubani apite taa nyekundu. Jibu lililo karibu ni kwamba aliamini yupo R5. Mtu aliyekwisha kuamini mahali alipo huzisoma alama zote kulingana na imani hiyo. Isiyolingana nayo huifasiri au haioni kabisa. Hali ya kukosea haina hisia yake yenyewe. Inafanana kabisa na hali ya kuwa sahihi, mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo kinga ya rubani ni kukipima anachokiona: dira inasoma nyuzi ngapi? Kiungio kielekeacho kaskazini hakiwezi kuisomesha dira kusini-mashariki. Kipimo hicho hakichukui sekunde mbili, na kinafaa vilevile mwanzoni mwa barabara ya kurukia. Huko Lexington, Marekani, tarehe 27 Agosti 2006, ndege ya abiria iliyopewa barabara 22 iliruka kutoka barabara 26, iliyokuwa fupi mno kwake, na watu 49 kati ya 50 walikufa. Dira ilikuwa mbele ya marubani wote wawili.

Neno moja kwa maana moja

Sasa turejee Tenerife. Rubani wa KLM alipewa maelezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka, na ndani ya maelezo hayo lilikuwamo neno la kuruka. Hakuwa amepewa idhini ya kuruka. Msaidizi wake alipojibu alisema maneno yaliyoweza kueleweka kwamba wapo mahali pa kuruka au kwamba tayari wanaruka. Mnara ukawaambia wangoje. Na wakati huo huo ndege ya Pan American ikasema kwamba ingali inatembea barabarani. Sauti mbili zilipokutana katika masafa mamoja, kilichosikika katika chumba cha KLM kilikuwa mluzi. Baada ya hapo imekuwa kanuni ya kimataifa kwamba neno la Kiingereza la kuruka litumike katika redio pale tu idhini ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Katika mazungumzo mengine yote hutumika neno la kuondoka.

Kanuni nyingine ni kwamba agizo lolote linalogusa barabara ya kurukia, liwe la kuingia, kuvuka, kusubiri kando yake, kutua, kuruka au kurudi nyuma juu yake, hurudiwa lote na rubani, pamoja na namba ya barabara na jina la ndege. Kusema "sawa" hakutoshi, wala kubofya kitufe cha redio mara mbili kama wafanyavyo wajuzi. Sisi tusiozaliwa katika Kiingereza hatuna sababu ya kujiona wanyonge hapa, maana lugha ya redio ni lugha ya kujifunza kwa kila mtu, Mwingereza na Mswahili sawia. Tena uzoefu wangu ni kwamba wenyeji wa lugha ndio wepesi wa kuipamba.

Hata hivyo kurudia agizo si dawa ya yote, kama mfano wangu mwenyewe ulivyoonyesha. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani ya Japani iliagizwa kwenda mahali pa kusubiri C5, na ikaambiwa kuwa ni namba moja katika foleni. Agizo lilirudiwa sawasawa. Kisha ndege hiyo ikaingia barabarani na kukaa hapo kiasi cha sekunde 40, mpaka ndege ya abiria iliyokuwa ikitua ikaigonga. Wote 379 waliokuwamo katika ndege kubwa waliokoka. Kati ya sita wa ile ndogo, watano walikufa. "Namba moja" ni maneno matamu kwa rubani mwenye haraka. Yanamwambia kwamba zamu yake i karibu, hayamwambii aingie.

Pasipo na mnara

Viwanja vingi ambavyo ndege ndogo huvitumia katika nchi yetu ni vya changarawe au nyasi, navyo havina mnara. Rubani hutangaza nia yake katika masafa ya pamoja, na kila mmoja hujichunga. Hapa mtu asidhani kwamba aliyekuwapo ni yule tu aliyesema, au kwamba aliyejibu ndiye aliyeulizwa. Huko Quincy, Illinois, jioni ya tarehe 19 Novemba 1996, ndege aina ya Beechcraft 1900 iliyokuwa ikija kutua iliuliza redioni kama ndege iliyopo kwenye barabara 04, ambayo hukatana na ile iliyokusudia kutulia, itasubiri. Sauti ikajibu kwamba inasubiri. Ilikuwa sauti ya rubani wa ndege nyingine, iliyokuwa nyuma ya ile iliyoulizwa. Ndege ya mbele, aina ya King Air, ikaruka, na zote mbili zikakutana kwenye njia panda. Watu 14 walikufa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuvuka mstari mahali pasipo na mnara, rubani aigeuze ndege yake kidogo ili aweze kuona sehemu yote ya anga ambamo ndege itakayotua inaweza kuwapo. Mabawa ya juu, kama ya Cessna, huziba sehemu hiyo kabisa ndege ikiwa imenyooka. Atazame pia upande wa pili wa barabara, kwa kuwa upepo ukiwa mdogo si wote huchagua upande mmoja. Awashe taa zote. Na huko mbugani amtume mtu afukuze pundamilia kwanza. Ingawa mnyama hahesabiwi katika maelezo ya Shirika tuliyoyataja, rafadha haijui hivyo.

Mahali pa mwisho pa kujihadhari ni juu ya barabara yenyewe, pale ndege ndogo inapoambiwa iingie na kungoja. Los Angeles, tarehe 1 Februari 1991, jua likiwa limekwisha tua, ndege ndogo ya abiria aina ya Metroliner iliwekwa hivyo, na mwongozaji akaisahau. Akairuhusu Boeing 737 kutua katika barabara ile ile. Kwa rubani anayetua usiku, taa za ndege iliyosimama mbele yake huchanganyika na taa za barabara, maana hazisogei kando wala hazibadili mahali machoni pake. Walikufa watu 35, wakiwamo wote 12 wa ndege ndogo. Rubani aliyewekwa juu ya barabara hana budi kusikiliza kila agizo linalopewa wengine. Akisikia mwingine akiruhusiwa kutua kwa namba ya barabara aliyokalia yeye, aseme mara moja. Na muda ukipita kuliko kawaida, aukumbushe mnara kwamba yupo hapo, hata kama ana haya.

Iwapo rubani amekwisha potea, hajui yupo kiungio gani, kanuni ni fupi. Asimame, auarifu mnara, angoje maelekezo. Lakini akitambua kwamba pale alipopotea ni juu ya barabara ya kurukia, asisimame hapo: auarifu mnara huku akitoka kwa kiungio cha karibu anachokiona, apite mistari yote minne pamoja na mkia wake, ndipo avute breki na kuuliza yupo wapi.